Mshale wa gia kwenye dashibodi: niutii au niupuuze?

MuuzaMabegi aliandika:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba niwaulize jambo ambalo nyumbani kwangu limeshageuka kesi.

Nina kigari cha manyuali cha mwaka 2015, lita 1.0, silinda tatu, kina tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini). Kaka yangu alikuwa nacho Uingereza, aliporudi akaja nacho, kisha akaniuzia kwa bei ya undugu (undugu wenyewe tunaujua, deni nimemaliza mwezi uliopita). Kabla ya hapo nilikuwa na oto, ile ya kuweka D ukasahau. Ila manyuali si kitu kigeni kwangu. Baba alinifundishia Land Rover 109 ya zamani, ambayo gia namba moja na namba mbili hazina sinkro (kile kinachosaidia gia iingie bila kusaga), unakanyaga klachi mara mbili huku unaomba Mungu.

Sasa hiki kigari kina kimshale kwenye dashibodi na namba pembeni yake. Uko gia ya tatu, kinawaka kikielekea juu na namba 4. Ukiingiza nne, hujakaa hata sawa, kinataka 5. Kwenye vibao vya 50 vijijini ndiyo balaa, kinang'ang'ania tano wakati injini inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mume wangu anasema waliotengeneza gari wana akili kuliko mimi, nitii. Baba kwa simu anasema gari halina masikio, mwenye masikio ni mimi. Na kijana wangu wa miaka minane, akikaa nyuma katikati, kazi yake ni kunisomea: "Mama, gari linasema nne. Mama, gari linasema tano."

Kilichonileta hapa ni Kitonga. Mimi niko Makambako, kila mwezi nashuka Dar kuchukua mzigo Kariakoo. Safari iliyopita naanza kuuteremka mlima niko gia ya tatu, mbele yangu malori mawili yanatambaa. Mguu sijakanyaga mafuta kabisa. Mshale ukawaka: 4. Huku nyuma nikasomewa. Nikasema haya, ngoja leo niwe mtiifu, nikaingiza nne. Gari likawa jepesi, likawa linayafuata yale malori kwa nguvu, nami nakanyaga breki, naachia, nakanyaga, naachia, mpaka chini. Nimefika Ruaha Mbuyuni nikasimama kununua vitunguu, muuzaji hata hajanitajia bei akaniambia, "Mama, gari lako linanuka." Ni breki. Ukisogeza kiganja karibu na rimu ya mbele unapigwa na joto kabla hujaigusa.

Maswali yangu ni mawili. Huu mshale unajua nini hasa? Na ni lini niusikilize, maana kama ni wa uongo siku zote nisingewekewa.

Kidumu77 aliandika:

Bandika selotepu nyeusi juu yake. Kesi imefungwa.

MuuzaMabegi aliandika:

Selotepu dukani kwangu zimejaa mkuu. Tatizo ni msomaji, ameshajua kilipo.

Fundi_wa_Mtaa aliandika:

Dada, pole na Kitonga, na hongera kwa kusimama. Wengi wakisikia ile harufu wanasema ni ya lori la mbele.

Mimi ni fundi, niko Morogoro, haya magari madogo yenye tabo yameanza kuniletea wateja miaka ya karibuni. Nitaandika kirefu kidogo, mnisamehe, leo mvua imenyesha na karakana haina mtu.

Unauliza mshale unajua nini. Kompyuta ya injini inasoma mizunguko ya injini kwa dakika, inasoma mwendo wa gari, inasoma mguu wako umekanyaga eksileta kiasi gani. Kwa hayo inapiga hesabu moja tu: nguvu anayoitaka huyu dada sasa hivi, inaweza kupatikana kwenye gia ya juu kwa mafuta machache zaidi? Jibu likiwa ndiyo, mshale unawaka. Haioni malori. Haioni kona. Haijui kwamba baada ya sekunde tano utataka kulipita basi. Yapo magari yanayopima na mwinuko wa barabara, ila kwa ulivyosimulia, lako halimo.

Hesabu yenyewe si ya uongo, na hapa sikubaliani na mwenye selotepu. Injini ya petroli ina kilango cha kupitishia hewa. Ukiwa gia ndogo, mizunguko mingi, mguu mwepesi, kile kilango kimefunguka kidogo sana, pistoni zinavuta hewa kama mtoto anayenyonya juisi kwenye mrija uliobanwa. Hiyo kazi ya kuvuta inalipwa na tenki lako. Ukipanda gia, mizunguko inashuka, kilango inabidi kifunguke zaidi ili upate nguvu ileile, hewa inapita kwa raha, na misuguano ndani ya injini inapungua. Kwa hiyo barabara ikiwa tambarare na wewe unatembea tu, mshale una haki. Sisi wengi tuliofundishwa na magari ya zamani tunachelewa kubadili gia, tunasubiri injini ilie. Mzee wako nampa shikamoo yake, lakini Land Rover 109 na hicho kigari havikunyonya ziwa moja.

Njoo sasa mlimani, wakati wa kushuka, maana hapo ndipo watu hawaelewi. Gari lenye sindano za umeme za kumwagia petroli, ukiwa ndani ya gia na umetoa mguu kwenye mafuta, kompyuta inafunga sindano. Injini inazungushwa na matairi, hainywi hata tone. Iwe gia ya pili, iwe ya tatu, iwe ya nne, matumizi ni sifuri mpaka mizunguko ishuke karibu na ile ya gari kusimama likiwa linaunguruma, ndipo sindano zinafunguka tena injini isizimike. Mshale wako pale Kitonga ulikuwa unakushauri ubane matumizi ya kitu ambacho hakitumiki! Ulichopata kwa kupanda gia ni kupoteza ile injini iliyokuwa inakushikia gari. Uzito wote na mzigo wako (wakati wa kurudi sijui unarudi na mabegi mangapi) ukahamia kwenye pedi nne za mbele.

Kanuni ya mlima ni hii tuliyofundishwa wote: shuka na gia ambayo ungepandia. Nyuma ya malori yanayotambaa, kwa kigari hicho, hiyo ni gia ya pili. Injini itapiga kelele, mizunguko itafika hata 3000. Iache ipige. Haiumii, haina mzigo wa moto ndani, inapuliza hewa tu. Ukiona mwendo bado unazidi, kanyaga breki kwa nguvu kidogo ushushe mwendo, kisha achia kabisa zipoe. Ile ya kuegesha mguu juu ya pedali kuanzia juu mpaka chini ndiyo inayopika breki.

Na kwa kuwa zimeshaungua mara moja, mwambie fundi wako afungue magurudumu ya mbele aangalie pedi na diski, na abadilishe mafuta ya breki. Yale mafuta yananyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa, ndiyo maana wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Yakiwa na maji, yakipata moto yanachemka, yanatoa mvuke, na siku hiyo pedali inazama mpaka chini bila kukuta kitu. Hilo usilisubiri.

Kuna jambo jingine la injini yako, nalo ni kubwa kuliko mshale. Ngoja nile kwanza.

Mbongo_Leeds aliandika:

Wakati fundi anakula, niongezee historia kidogo. Huo mshale haukuwekwa kwa sababu madereva waliuomba. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 661 ya mwaka 2009. Kuanzia Novemba 2012 kila modeli mpya ya gari dogo la abiria lenye gia za mkono ilitakiwa iwe nao, na kuanzia Novemba 2014 kila gari jipya la aina hiyo linalouzwa. Gari lako la 2015 limeangukia humo, halikuwa na jinsi. Lengo lilikuwa kupunguza mafuta na moshi. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoleta na taa ya upepo wa matairi, kama lako linayo utaiona, ile ya umbo la kiatu cha farasi yenye alama ya mshangao.

Huku nilipofanyia leseni niliuogopa sana huo mshale, nikidhani mtahini ananiangalia kama nautii. Kumbe hapana. Wanakutazama kama unaendesha kwa kubana mafuta, wanakupa ushauri mwisho wa mtihani, lakini hakumfelishi mtu. Kinachofelisha ni kutoangalia vioo. Mimi nilifeli kwa vioo, mara mbili.

Zungusha_Injini aliandika:

Wote mnamchanganya dada. Injini ni ya kuzungushwa. Mimi nabadili gia kwenye 4000, miaka kumi na moja, gari halijawahi kufunguliwa kichwa. Ukitembea na mizunguko midogo unajaza masizi. Fundi anatetea mshale kwa sababu injini zikifa yeye anapata kazi.

Fundi_wa_Mtaa aliandika:

Mkuu Zungusha, kufika 4000 mara mojamoja ni dawa, sikatai. Kufika 4000 kila gia kutoka nyumbani hadi sokoni ni kumchangia mwenye sheli. Na hilo la kupata kazi, kweli nataka kazi, lakini si ya kufungua pistoni iliyovunjika, ile haina furaha kwa mtu yeyote.

Ndilo nililotaka kusema, dada. Injini yako ni ndogo, ina tabo, na kama ni zile ninazozijua, sindano zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Nguvu yake kamili ya kuvuta inaanza kwenye mizunguko kama 1400 au 1500. Chini ya hapo tabo bado imelala. Sasa angalia saa ya mizunguko siku ukiwa kwenye kibao cha 50. Gia ya tano utaona kama 1250. Gia ya nne kama 1600. Ya tatu juu kidogo ya 2200. Mshale unataka tano kwa sababu mguu wako ni mwepesi na barabara ni tambarare, na kwa mguu huohuo injini inaweza, japo kwa kutetemeka. Tatizo si kuingia tano. Tatizo ni kinachofuata: kijiji kinaisha, unaona kibao cha kufuta 50, uko tano kwenye 1250, unakanyaga mafuta mpaka sakafuni.

Hapo tabo inaamka, hewa inajaa kwenye silinda, injini bado inazunguka polepole, moto na mgandamizo vinakaa ndani kwa muda mrefu. Tone la oili lililochanganyika na petroli kwenye ukuta wa silinda linaweza kujiwasha lenyewe kabla plagi haijapiga. Pistoni inapanda, mlipuko unaishukia. Unasikia kishindo kimoja kizito, "ko!", halafu kimya, unadhani umekanyaga jiwe. Ikitokea mara chache tu inatosha kuvunja ukingo wa pistoni au ringi. Watengenezaji waliliona tatizo hili, ndiyo maana oili zikatengenezewa viwango vipya, SN Plus mwaka 2018 na SP mwaka 2020, ambavyo oili inapimwa kwa jambo hilohilo. Geuza dumu, tafuta herufi SP, na unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, si ule aliozoea fundi. Tena baadhi ya hizi injini za silinda tatu mkanda wa taimingi unazunguka ndani ya oili, oili mbaya inautafuna, vipande vinaziba chujio la pampu. Hilo ulizia kwa kaka yako, asije akawa amekuuzia na historia.

Kwa hiyo ukitaka nguvu, shuka gia kwanza, ndipo ukanyage. Kijiji kimeisha, ingiza tatu, kanyaga, panda mpaka 80, halafu weka tano, hapo utakuwa karibu 2000, na mshale utatulia wenyewe. Ndani ya kijiji mimi ningekaa nne. Mshale ukidai tano, mwambie asante.

Na kama gari lako lina mshale wa kushuka pia (mengine hayana), huo usiupuuze hata siku moja. Wa juu unakubembeleza. Wa chini ukiwaka, ujue injini imeshaelemewa.

Mtu_wa_Nakuru aliandika:

Salaam kutoka Kenya. Madam, hiyo hadithi ya mlima imenigusa. Sisi hapa tuna Salgaa, barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, mteremko mrefu ambao haukutishi kwa macho. Malori yameua watu wengi sana hapo, na tabia moja iliyolaumiwa ni madereva kuweka gia free ndio waokoe diesel. Injini ikikaa free lazima inywe ili isizime. Ndani ya gia umeachilia accelerator, hainywi kitu, kama vile fundi amesema. Kwa hivyo mtu alikuwa anahatarisha roho yake na ya wengine kuokoa mafuta ambayo hata hakuwa anaokoa.

Mshale wako ni free ndogo. Si mbaya kama free, lakini iko njia hiyohiyo. Mimi nikiteremka najifanya sijauona.

MuuzaMabegi aliandika:

Wakuu, nimerudi na matokeo, mniwie radhi kwa kukaa kimya, shule zilikuwa zinafunguliwa na mabegi hayangojei mtu.

Breki zimefunguliwa. Pedi za mbele zilikuwa zimebaki kama unene wa shilingi mia mbili na zimeng'aa kama kioo, fundi amezitupa. Mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, nayo tumemwaga. Kaka nimempigia kuhusu mkanda. Amekohoa. Kisha amesema atanitumia karatasi za huko, nasubiri. Oili nimenunua ya SP.

Nimefanya na jaribio langu. Makambako kwenda Mafinga na kurudi, mara mbili, siku mbili tofauti, sheli ileile, pampu ileile, nimejaza mpaka ikate. Siku ya kwanza nimeendesha kama nilivyozoea, kwa mafunzo ya baba. Siku ya pili nimeutii mshale isipokuwa milimani, vijijini, na nilipopita gari. Ya kwanza imenipa kilomita 15 na nusu kwa lita, ya pili 17. Sijui kama upepo ulikuwa sawa, na siku ya kwanza nilikuwa na dada yangu ambaye si mwepesi, asisome hapa. Lakini hata nikitoa dada, kitu kipo. Kwa safari ya Dar na kurudi ni lita kadhaa, nami nasafiri kila mwezi.

Baba nimemwambia, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: hizo lita unazookoa, umeweka na bei ya pedi? Sikuwa na jibu.

Kitonga nimepita tena juzi. Nimeingiza gia ya pili kabla ya kona ya kwanza, nyuma ya semi lenye matenki ya mafuta, mizunguko 2800 hivi, kelele ndani ya gari mpaka redio nikaizima. Mshale ukawaka ukataka 3. Nikasubiri sauti kutoka nyuma. Kimya. Nikatazama kioo, kijana ameegemea dirisha anaangalia nyani pembeni ya barabara wanavyogombania ganda la ndizi.

Tumekaribia chini kabisa ndipo akasema, "Mama, gari limesema tatu tangu kule juu. Mbona humjibu?"

Ruaha Mbuyuni nimesimama, nimenunua vitunguu, nimesogeza kiganja kwenye rimu. Vuguvugu tu. Muuzaji ni yuleyule, hakunikumbuka.

Kidumu77 aliandika:

Vitunguu vilikuwa bei gani?